Klachi mpya, gia bado zinakwaruza

Safu ya wasomaji: Muulize Fundi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini 300Tdi, giaboksi R380. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja Karatu, na siku za mnada nabeba abiria pia. Mwezi uliopita klachi ilianza kuteleza kwenye milima. Injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani. Nikanunua klachi kamili, yaani klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, nikawapelekea vijana wa gereji ya jirani. Kushusha giaboksi hawakuchukua muda. Kuipandisha ndiyo ikawa kazi: ilibaki nafasi kama ya kidole kati yake na injini, ikagoma kabisa, mwisho wakaivuta kwa bolti mpaka ikakaa. Sasa gari linavuta vizuri hata likiwa na mzigo, lakini rivasi inakwaruza na gia ya kwanza ni ya kulazimisha, hasa injini ikishapata moto. Nikizima injini gia zote zinaingia laini. Wametoa upepo kwenye majimaji ya klachi mara kadhaa, hakuna kilichobadilika. Sasa wananiambia sinkro, zile pete za ndani ya giaboksi zinazolainisha gia kuingia, zimekwisha, nitafute giaboksi ya mtumba. Nifanyeje?

Mfanyabiashara wa vitunguu, Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Giaboksi usinunue.

Injini ikizimwa gia zinaingia laini, ikiwaka zinagoma. Giaboksi iliyokwisha haina tabia hiyo. Hiyo ni klachi isiyoachia. Unapokanyaga pedali, klachi pleti inatakiwa ibaki huru katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na presha pleti, isiguse huku wala kule. Ikigusa hata kidogo inaendelea kuizungusha shafti ya mbele ya giaboksi, nawe unataka kuingiza gia kwenye kitu kinachozunguka. R380 ina sinkro hadi kwenye rivasi, kwa hiyo rivasi yake ikikwaruza gari likiwa limesimama, mtu wa kwanza wa kushukiwa ni klachi. Na jiulize: sinkro zilizokuwa nzima asubuhi, zingekwishaje jioni ya siku ileile klachi ilipobadilishwa?

Hakikisha mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Washa gari mahali tambarare, liache lipate moto, kanyaga pedali mpaka chini, hesabu polepole hadi kumi, halafu ndipo uingize rivasi. Kama klachi inaachia sawasawa, muda huo unatosha shafti kusimama na gia itaingia kimya, hata kama sinkro ni mbovu. Ikikwaruza baada ya kungoja hivyo, kosa liko kwenye klachi na giaboksi ya mtumba haitakusaidia. Utaifunga, nayo itakwaruza vilevile.

Kisha kagua vya nje, maana havigharimu kitu. Ingiza mkono juu kabisa ya pedali ya klachi, ndani ya gari. Pakiwa na majimaji, masta ya juu, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali, inavuja. Mwambie mtu akanyage pedali huku wewe umelala chini unaangalia masta ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Angalia na bomba lake la mpira: ukiona unavimba pedali ikikanyagwa, nguvu inaishia kwenye mpira, haifiki kwenye klachi. Badilisha mpira, toa upepo upya, jaribu tena. Nayasema haya kwa sababu inaniuma kuona giaboksi inashushwa bure. Lakini kwa maelezo yako, ambapo upepo umetolewa mara kadhaa bila mabadiliko, nadhani utakuta vya nje ni vizima na tatizo liko ndani. Na nadhani lilianza kwenye ile nafasi ya kidole.

Giaboksi ya R380 ikiwa na transfa kesi yake, ile inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, ni kama kilo 100. Wakati wa kuipandisha, ncha ya shafti ya mbele hupita kwenye kitovu cha klachi pleti, meno yakashika meno, kisha ncha hiyo ikaingia kwenye kibushi kidogo cha shaba kilicho katikati ya krenki, shafti kuu ya injini. Giaboksi ikiachiwa ining'inie kabla haijafika mwisho, kilo zote hizo zinalalia kitovu cha klachi pleti, ambacho ni bati jembamba lililopigwa riveti. Linapinda. Pleti iliyopinda ukiachia pedali inabanwa na kunyooka, ndiyo maana gari lako linavuta vizuri na mzigo. Ukikanyaga, inacheza kama sahani iliyopinda na kugusa pande zote mbili.

Kipo na kibushi chenyewe. Ikiwa ncha ya shafti haikuwa imenyooka nacho, basi bolti ziliisukuma kwa nguvu mpaka kibushi kikapondeka. Hapo krenki inaishika shafti moja kwa moja na kuizungusha hata kama klachi imeachia kabisa. Kibushi kikipata joto kinazidi kubana. Umesema shida inazidi injini ikipata moto, na hilo linanifanya nikishuku kibushi kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo giaboksi itashuka tena, mwanangu, hakuna njia ya mkato. Ila mara hii ishuke kwa utaratibu, ili isishuke tena kwa miaka.

Kwanza usalama wako. Hendibreki ya Defender haishiki matairi. Dramu yake iko nyuma ya transfa kesi na inashika propela shafti ya nyuma. Ukishafungua propela hiyo, hendibreki haishiki kitu tena, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko kidogo tu litaondoka na mtu akiwa chini yake. Weka magogo matairi yote manne, na gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Nati za propela ni za spana ya inchi 9/16. Spana ya 14 haiingii, na ya 15 inakula kona, ukishaila utakesha hapo. Vumbi utakalolikuta ndani ya beli hauzi (nyumba ya klachi) usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwani lainingi za klachi za zamani ziliweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Kushusha sitakurudishia, vijana wanakujua. Nitakaa kwenye vile ambavyo havikuguswa safari iliyopita.

Hukutaja foku ya klachi, ule mkono unaosukuma rilizi beringi. Kama hawakuibadilisha, mimi ningeanza nayo hata kabla ya pleti. Foku ya asili ya gari lako ni bati lililokandamizwa, na nyuma yake linakaa juu ya kichwa cha mviringo kinachofanya kazi ya egemeo. Kila ukikanyaga pedali kichwa hicho kinalisukuma bati mahali palepale. Linachakaa, linabonyea, siku moja kichwa kinatoboa upande wa pili na pedali inakwenda chini bila kazi. Kila mwenye 300Tdi anayebeba mzigo atakutana na jambo hili. Tafuta foku nzito iliyoimarishwa. Ukikosa, mpe mchomeleaji mzuri aongeze kipande cha chuma mgongoni mwa pale panapokaa kichwa, kwenye foku ambayo bado haijabonyea. Usichomelee iliyokwisha toboka. Hakikisha pia klipu inayoishikilia foku isidondoke kwenye egemeo, pamoja na vile viatu vya plastiki vinavyogusa rilizi beringi. Ni vitu vya bei ndogo sana, na vikivunjika utashusha kilo 100 kwa ajili yake.

Flaiwili je? Ile harufu ya kuungua uliyoisikia haikutoka kwenye pleti tu. Ukikuta madoa ya bluu au nyufa ndogondogo usoni mwake, ipeleke kwa tona, fundi wa kukereza chuma, aiskimu, yaani auparuze uso uwe bapa. Ikiwa imetolewa, tazama oili sili ya nyuma ya krenki. Kwenye 300Tdi sili hiyo huja pamoja na bamba lake, ikiwa na kikombe cha plastiki ndani. Kikombe hicho usikitoe mkononi. Kinakaa mpaka sili imeteleza juu ya krenki, ndipo kinatoka chenyewe. Ukikitoa mapema mdomo wa sili unajikunja na utavuja kabla hujafika Rhotia. Kibushi cha shaba kipya kiloweke kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kukipiga mahali pake.

Klachi pleti mpya (na mwanangu, nunua mpya hata kama ile ina mwezi mmoja tu, kama kitovu kimepinda haifai tena) inaingia upande mmoja tu: springi zilizochomoza zinatazama giaboksi. Meno ya shafti yapake grisi kidogo sana, ile inayostahimili joto. Ukipaka nyingi itarushwa kwenye lainingi. Iweke pleti katikati kwa shafti ya zamani ya R380 au kwa kijiti alichokuchongea tona, kinachoingia kwenye kitovu na kwenye kibushi kwa pamoja, kisha kaza bolti za presha pleti kidogokidogo kwa kukingamana. Kijiti kikitoka na kuingia bila kushika popote, umemaliza nusu ya kazi. Kikigoma, fungua uanze tena. Usiseme itajirekebisha yenyewe.

Sasa kupandisha. Giaboksi ikiondoka, injini huinama nyuma, kwa hiyo inakuwa na pembe yake na giaboksi pembe yake. Vijana wengi hupigana na giaboksi saa nzima kumbe kilichopinda ni injini. Weka jeki chini ya nyuma ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na ubao katikati, uipandishe au kuishusha mpaka nyuso mbili ziwe sambamba. Tazama juu, tazama chini, nafasi iwe sawa pande zote. Wakati huohuo chunga feni isiguse kava ya rejeta.

Tengeneza bolti mbili ndefu za milimita 10, kata vichwa, zifunge kwenye matundu mawili ya pande zinazoelekeana upande wa injini. Giaboksi itatembea juu ya bolti hizo kama inavyotakiwa, haitaweza kuning'inia kwenye pleti. Foku ifunge kwa waya kupitia tundu la masta ya chini isije ikasogea mbele na kutoka kwenye egemeo. Ingiza gia ya nne, transfa kesi iwe kwenye gia kubwa na difu loku, inayofunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, imefungwa. Ukizungusha kwa mkono flanji ya propela ya nyuma, shafti ya mbele nayo inazunguka. Mmoja anasukuma polepole, mwingine anazungusha. Ikikwama mbali, vidole vitatu au vinne, meno hayajaonana, endelea kuzungusha. Ikikwama karibu, ile nafasi yako ya kidole, ncha ya shafti haijauona mlango wa kibushi, na hapo kinachotakiwa ni kuinua au kushusha jeki kidogo sana, si kuongeza nguvu. Vuta nyuma, tazama kwa tochi, rudia.

Giaboksi iliyonyooka inaingia kwa mikono. Nimezeeka katika kazi hii na hilo nalishikilia: bolti za beli hauzi ni za kukaza kitu kilichokwisha kukaa, hazikuwekwa pale za kuvutia. Bolti ikitumika kuvuta, kitu fulani ndani kinavunjika, na kama bahati si yako linavunjika sikio la beli hauzi yenyewe, ambayo ni alumini. Siku ya kazi usiondoke gereji. Kaa pale, na ukiona mtu anachukua spana wakati bado kuna nafasi, mshike mkono.

Ikishakaa, kabla ya kurudisha vyote, funga masta ya chini, toa upepo, na jaribu kuzungusha flanji ya propela huku mwenzako amekanyaga pedali na gia imeingia. Ikizunguka huru, klachi inaachia. Akiachia pedali, ishike. Jaribio hili huchukua dakika chache na linakuokolea siku nzima.

Na hao vijana usigombane nao. Wapelekee hizo bolti mbili ndefu, waachie zikae gerejini kwao. Karatu ina Land Rover nyingi.

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mzee, naendesha Land Rover 110 ya 300Tdi kati ya Maralal na Baragoi. Juzi pedali ya klachi ililala chini katikati ya safari, mbali na watu. Kijana wangu alitaka tukokotwe. Je, kuna namna salama ya kufika nyumbani bila klachi?

Mzee wa Maralal

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ipo, ilimradi giaboksi yenyewe ni nzima na barabara ni tupu.

Kwanza fungua kifuniko cha masta ya juu. Ikiwa majimaji yamekwisha, ongeza breki fluidi ya DOT 4, pampu pedali haraka mara nyingi, mara nyingine unapata klachi ya kutosha kufika. Tafadhali usikubali mtu akumiminie oili ya pawa stering au ya injini kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mipira ya ndani itavimba, na badala ya masta moja utanunua mbili na bomba juu yake.

Ikishindikana, zima injini. Gari likiwa limesimama vuta transfa kesi iende gia ndogo, weka gia ya kwanza au ya pili, achia hendibreki, halafu piga stata. Gari litaanza kutambaa na injini itawaka huku linakwenda. Dizeli hii ina nguvu ya kutosha chini, haitazima kwenye tambarare. Ukitaka kupanda gia, ondoa mguu kwenye mafuta, toa gia iende nutro, subiri mlio wa injini ushuke, kisha isukume gia inayofuata kwa vidole viwili tu. Ikiwa mwendo umelingana itaingia yenyewe. Ikikataa usiilazimishe, gusa mafuta kidogo ujaribu tena. Kushuka gia ni kinyume chake: nutro, ongeza mafuta kidogo, ndipo uingize. Kusimama, toa gia kwanza halafu kanyaga breki. Kwa mwendo wako ningechagua gia moja ndogo na kukaa nayo mpaka nyumbani, kuliko kubadilishabadilisha.

Mjini usiingie hivyo. Kwenye watu na mifugo, kuanza kwako kwa stata ni kuruka mbele bila onyo. Simama nje ya mji, muite fundi aje na masta mpya.

Na ikiwa majimaji yalikuwa yamejaa na pedali bado ililala, soma jibu la hapo juu, sehemu ya foku.

SWALI: Fundi, nimenunua Defender ya 1997 hapa Njombe. Chini, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna tundu dogo linadondosha oili. Muuzaji alisema nifunge bolti hapo itakoma. Pia aliniambia giaboksi yake huwekwa oili namba 90. Ni kweli?

Mama wa Njombe

JIBU: Usifunge, dada yangu. Tundu hilo limeachwa makusudi, na bolti yake hufungwa tu unapokwenda kuvuka maji marefu, kisha hutolewa. Ukiliziba moja kwa moja oili haitakoma kuvuja. Itakusanyika humo ndani mpaka ifikie klachi, na klachi ikinywa oili inateleza hata kama ni mpya.

Badala yake weka karatasi nyeupe chini usiku kucha na utazame rangi asubuhi. Nyeusi ni ya injini, yaani sili ya nyuma ya krenki. Nyekundu au nyepesi ya rangi ya asali ni ya giaboksi, sili ya mbele ya shafti. Tone moja moja unaweza kuishi nalo mpaka siku ya kubadilisha klachi, maana sili zote mbili zinafikiwa siku hiyohiyo. Ikiwa linafika kiasi cha kuongeza oili kila wiki, usingoje.

Kuhusu namba 90, amechanganya. Hiyo ni ya transfa kesi na difu. R380 inatumia oili nyepesi, ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) au ile inayouzwa kwa jina la MTF 94. Kwa baridi ya Njombe, ukiwa na 90 mle ndani utajua asubuhi tu: gia ya pili itagoma mpaka gari lipate moto. Imwage, weka iliyo sahihi hadi ianze kutoka kwenye tundu la ubavuni la kupimia, gari likiwa tambarare. Na fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukikuta ya kujazia imeganda na oili umeshaimwaga, gari halitaondoka hapo.